Siku Niliyomiliki Unga Wote wa Kings Heath

Ningependa kuanza kwa kusema kwamba nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mtoto, nilikuwa mtu mzima mwenye masharubu, mwaka wa pili wa sheria chuo kikuu, maana yake nilikuwa katika kile kipindi ambapo mtu anajua sheria kiasi cha kuharibu shughuli ya watu lakini si kiasi cha kuitengeneza. Nasema haya mapema kwa sababu kila ninapousimulia mkasa huu watu huniuliza, "Kwani wewe hukujua?" Nilijua. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mtu asiyejua kitu angeliacha lile kabati lilivyo, angekula pilau ya watu Handsworth, angelala salama.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya Bwana Rosner na mkewe, mtaa wa Kings Heath, Birmingham, Uingereza, nyuma kidogo ya High Street. Bwana Rosner alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mtu mfupi, mnyoofu, aliyevaa tai hata akienda kutoa takataka. Nilimwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo, baada ya kumweleza kwamba kwetu Kenya hilo ni jina la heshima, naye akalipenda kiasi cha kulitumia mwenyewe akipokea simu ("Hapa Mzee Rosner," nao waliopiga wakikata wakidhani wamekosea namba). Mkewe nilimwita Mama, naye akaniita "kijana" mpaka siku nilipohama, ingawa jina langu alilijua vizuri sana na alilitumia mara moja tu, nitafika hapo.

Walikuwa Wayahudi wa mapokeo ya zamani. Nyama na maziwa havikukutana katika nyumba ile, si tumboni, si sahanini, si hata katika sinki, nami niliyezoea kuchemsha chai na maziwa katika sufuria yoyote iliyo karibu nilipewa kona yangu, birika langu na onyo langu, na tukaishi mwaka mzima bila neno.

Neno walikuwa nalo wao. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Hana, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeolewa na kijana mkimya aitwaye Daniel, na Hana na baba yake walikuwa hawajala meza moja kwa muda ambao Mama hakupenda kuutaja. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyetukana. Hana alikuwa amehamia sinagogi la mageuzi, kule ambako wake kwa waume hukaa pamoja na sala nyingi husomwa kwa Kiingereza, na Sabato moja alisimama yeye mwenyewe mbele ya watu akasoma Torati. Katika sinagogi la Mzee wanawake walikaa juu, kwenye roshani, na kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tangu dunia iwe dunia. Habari zilimfikia Mzee (alivyosema Mama) kabla Hana hajafunga kitabu. Hakumfukuza. Aliacha tu kumwalika, naye Hana akaacha tu kuja, na kwa watu wale, ambao kila sikukuu yao ni meza, hilo lilikuwa sawa na kuhama nchi.

Mwaka huo Mama alikuwa amefanya kazi ya ubalozi majira yote ya baridi, huku akisema na mmoja kwa simu na huku akisema na mwingine kwa supu, mpaka ikakubaliwa: Jumapili ya katikati ya Pasaka yao, Hana na Daniel wangekuja kula chakula cha mchana. Mara ya kwanza. Mzee alikubali kwa kusema, "Mlango una kengele," na Mama akanieleza kwamba kwa mume wake hayo yalikuwa maneno ya mapenzi.

Sasa, ili muelewe ukubwa wa nilichokifanya ni lazima niwaeleze Pasaka yao. Kwa siku hizo nyumba ya Myahudi wa mapokeo haitakiwi kuwa na chachu, yaani chochote cha ngano, shayiri na ndugu zao kilichoumuka au kinachoweza kuumuka: mkate, biskuti, makaroni, bia, wiski, unga. Si kutokula tu. Ni kutokuwa nacho kabisa. Mama alianza kusafisha mapema sana, akapekua mifuko ya makoti, akachokonoa mianya ya sakafu kwa njiti, akakung'uta vitabu vyangu vya sheria kimoja kimoja, na kutoka katika kile cha mikataba zikadondoka chembe za biskuti, akaniangalia kwa namna ambayo hakuna profesa aliyewahi kuniangalia.

Lakini watu wana vitu, na si kila mtu yuko tayari kumwaga chupa nzuri ya wiski kila mwaka. Kwa hiyo kuna njia, ya zamani na ya halali: vitu hivyo hufungiwa kabatini, kisha vyote na kabati lake huuzwa kwa mtu asiye Myahudi, na Pasaka ikiisha vinarudishwa kwa wenyewe. Rabi huuza kwa niaba ya sinagogi zima, kwa mnunuzi mmoja. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa muuza maziwa wa mtaa, Mwingereza mpole, lakini alikuwa amehamia Wales kwa dada yake, na Mzee, aliyekuwa msimamizi wa sinagogi, akawaambia wenzake kwamba kwake kuna mpangaji Mkristo mwenye akili timamu. (Wenzake walimwamini. Walikuwa watu wema.)

Rabi alikuja asubuhi moja, mwembamba, mwenye mafua, tukakaa sebuleni sisi watatu. Nilitia sahihi mkataba, nikashika ncha ya kitambaa cha mkononi na kukiinua kama ishara ya kukubaliana, kisha rabi akaniangalia juu ya miwani.

"Unaelewa kwamba sasa hivi ni vyako?"

"Naelewa."

"Si mzaha. Ukitaka kuingia kuchukua, una haki ya kuingia."

"Naelewa kabisa."

Hapo Mzee akasogeza kiti. "Binti yangu anasema huu ni mchezo wa kuigiza," alisema. "Anasema watu wazima wanauziana makabati na hakuna aliyewahi kurudi kuchukua hata biskuti moja. Wewe unasoma sheria. Niambie. Ni mchezo?"

Mtu mwenye busara angesema, mimi ni mgeni hapa. Mimi nilivua miwani. Nilimweleza kuhusu nia ya muuzaji na nia ya mnunuzi, nikaeleza maana ya umiliki, nikainua kidole (nakumbuka kile kidole), nikamalizia kwa kusema kwamba mauzo yale yangesimama mbele ya jaji yeyote wa Uingereza. Mzee alinitazama kana kwamba nimemjengea nyumba. Rabi akapiga chafya, akanikabidhi ufunguo wa kabati la chini ya ngazi.

"Muuza maziwa hakuwahi kueleza chochote," alisema, na mimi nikaipokea kama sifa.

Siwezi kuficha kwamba umiliki ulinipanda kichwani. Nilikuwa mwanafunzi asiye na kitu, soksi zimetoboka, na ghafla nikipita mtaani natazama nyumba za watu na kujiambia, mle ndani kuna tambi zangu, kwa yule fundi saa kuna wiski yangu, na pale kwenye pazia la bluu kuna keki yangu ya matunda. Mama naye aliniambia siku moja, akikunja kitambaa cha meza bila kunitazama, "Jumapili, kijana, nadhani una marafiki wa kuwatembelea." Nilielewa. Nilikuwa nao.

Jumapili ile ile ilikuwa Pasaka yetu Wakristo, na baada ya kanisa sisi Wakenya tulikutana Handsworth, upande wa pili wa mji, nyuma ya Soho Road, nyumbani kwa Rhoda. Rhoda alikuwa muuguzi, msichana wa Nyeri asiyecheka ovyo, ambaye mimi nilitaka sana acheke. Alikuwa amewaalika watu, na mkubwa wao alikuwa Sista wa wodi yake, yaani muuguzi mkuu, mama wa Kijamaika aliyekuwa ameahidiwa chapati tangu Krismasi na alikuwa ameanza kukumbusha. Unga alitumwa Otieno, rafiki yangu wa uhandisi, na Otieno, kwa kuwa hakusoma pakiti, akanunua unga wa keki ambao umeshatiwa hamira. Nilipofika, chapati ya kwanza ilikuwa kwenye kikaango imevimba.

"Otieno, hiki ni nini?" Rhoda aliuliza.

"Chapati."

"Hili ni godoro."

"Sasa si itakuwa laini?"

"Otieno, toka jikoni kwangu."

Maduka yote yalikuwa yamefungwa, na Singh mwenye duka pale kona, aliyekuwa tumaini letu kila sikukuu, alikuwa amekwenda harusini Wolverhampton. Rhoda alisimama ameshika mwiko, akitazama lile godoro, nami nikaona nafasi ambayo mwanamume huiona mara moja maishani, na ningeomba Mungu aniondolee macho wakati ule.

"Mimi nina unga," nilisema.

"Wapi?"

"Kings Heath. Kwa kweli, unga wote wa Wayahudi wa Kings Heath ni wangu."

Nikawaeleza. Nilieleza vizuri mno. Otieno alikuwa ameshika tumbo. "Jamani, Wakili ana mashamba ya ngano," alisema (waliniita Wakili, wengine kwa heshima), "na juzi ameniomba sabuni."

Rhoda hakucheka. "Ni wako ama si wako?"

"Kisheria ni wangu."

"Mimi sijauliza kisheria. Kama ni wako, nenda ukaulete. Kama si wako, kaa hapo umenye vitunguu."

Vile vitunguu vilikuwa pale, kwenye beseni, vinanitazama. Nilichukua koti.

Ndani ya basi nilipanga kila kitu. Ningeingia kimya kwa ufunguo wangu wa mlango, wao wakiwa wanahangaika na wageni. Ningefungua kabati langu, ningechukua unga wangu, ningetoka, na Pasaka ikiisha ningemrudishia Mama pakiti mpya. Nani angeumia? Mwizi naye hupanga hivyo hivyo, ila mwizi hajidanganyi kwamba ana mkataba.

Nyumba ilikuwa inanukia supu ya kuku. Mama alikuwa ghorofani anavaa, Mzee nilimsikia sebuleni akitembea huku na huku kwa viatu vyake vya Sabato, na mlango wa jikoni, mwisho wa korido, ulikuwa wazi ili mvuke utoke. Kabati la chini ya ngazi Mama alikuwa amelifunga kwa utepe na kamba juu ya kufuli, utadhani ndani kuna chui. Nilifungua polepole. Makaroni yangu, biskuti zangu, wiski yangu, na nyuma kabisa, chini ya vyote, mfuko mkubwa wa karatasi wa unga wa ngano, ule ambao Mama hununua kwa mwokaji kwa sababu kila wiki huoka mikate ya Sabato. Niliukumbatia. Nikauvuta. Chini yake ulikuwa umenasa kwenye msumari.

Haukupasuka, ningesema ulipasuka mngenihurumia. Ulifunguka, taratibu, kama mtu anayepiga miayo, na karibu nusu ya unga ikashuka kwa pamoja juu ya viatu, juu ya suruali ya suti yangu ya pekee, juu ya zulia, kisha unga ukapanda tena hewani ukatafuta sehemu ambazo haukuwa umefika. Nilisimama pale bila kupumua, nikitumaini kwamba utabadilisha mawazo.

Sasa mtu aliyelelewa vizuri hufanya nini akimwaga kitu katika nyumba ya watu? Husafisha. Nilikimbilia jikoni (nikaacha nyayo nyeupe juu ya sakafu ambayo Mama aliisafisha kwa njiti), nikachukua kitambaa, nikakilowesha chini ya bomba la maji moto, nikarudi nikapiga magoti nikaanza kusugua.

Nisimame hapa kidogo. Unga mkavu, kwa sheria yao, bado una nafasi ya kujitetea. Unga uliokutana na maji kesi yake imekwisha, hapo kinachongojewa ni kuumuka tu. Kwa hiyo mimi, mpangaji mwenye akili timamu, nilikuwa nimepiga magoti katika korido ya msimamizi wa sinagogi, katikati ya Pasaka, ninakanda donge. Na lilikuwa linakubali, lazima niseme, lilikuwa linakuwa laini vizuri sana, la kufaa chapati hasa.

"Kijana," sauti ilisema kutoka juu ya ngazi. "Unafanya nini?"

"Nasafisha, Mama."

"Kwa maji?"

"Ya moto," nilisema, ili ajue kwamba nimejitahidi.

Mama alikaa kwenye ngazi. Hakuanguka, alikaa, amevaa gauni la kijani na hereni upande mmoja, akaniita kwa jina langu. Mara ya kwanza na ya mwisho. Afadhali angenitukana.

Wakati huo huo kengele ikalia. Mzee, asiyejua lolote, akatoka sebuleni moja kwa moja hadi mlango wa mbele, mgongo kwetu, akanyoosha tai, akaufungua wazi kabisa kama mtu aliyeamua kutokuwa na kinyongo. Upepo ukaingia. Upepo wa Birmingham wakati wa Pasaka si wa mchezo, uliinua ule unga uliokuwa umebaki mkavu, ukaupitisha juu ya kichwa changu kama wingu dogo, ukaingia nao jikoni, na sisi sote, Mama kwenye ngazi, mimi magotini, Mzee aliyekuwa amegeuka, Hana mlangoni na maua, Daniel nyuma yake na kisanduku cha machungwa, tuliutazama ukitua taratibu juu ya sufuria isiyo na kifuniko.

Barabarani jirani mmoja na wajukuu zake, wakitoka kanisani, walikuwa wamesimama langoni wanatazama ndani. Nilikuwa mweupe kuliko wote waliokuwepo, mpaka kwenye kope.

"Huyo bwana anaumwa?" jirani aliuliza.

"Supu," Mama alisema.

Alisema hilo neno moja tu. Chakula kilichopikwa kikiingiwa na chachu katika Pasaka hakiliki, hata ikiwa chembe tu, na jikoni ile kila kitu kilikuwa wazi: supu na matonge yake, kuku, karoti za asali. Mama akaanza kulia bila sauti, na sehemu hii sijaweza kuisimulia kwa kucheka hata leo, maana kila mtu katika korido ile alijua supu ile ilipikwa kwa ajili ya nini.

"Mama, usilie," Hana alisema, akaweka maua chini. "Si kitu. Tutakula tu hivyo hivyo."

"Si kitu?" Mzee alisema, kwa sauti ya chini.

Nilimwona Hana akikaza midomo. Nilimwona akimtazama Daniel, na Daniel akitazama machungwa, na bega moja la Hana likaanza kugeuka kuelekea langoni, na nikajua kwamba akitoka sasa hatarudi, si mwaka huu, pengine si wakati baba yake angali hai. Kwa hiyo nilisema jambo la kwanza lililonijia. Jambo la kwanza kunijia siku zote huwa ni utetezi.

"Kosa ni langu," nilisema nikiwa magotini. "Nilikuja kuchukua unga wangu."

Hana akageuka. "Unga wako?"

"Niliununua. Nina mkataba."

Alinitazama, akatazama kabati lililo wazi, akamtazama baba yake. "Baba. Huyu ndiye muuza maziwa?"

"Muuza maziwa amehamia Wales."

"Na huyu amekuja kuchukua?"

Na hapo niliona jambo la ajabu. Mzee, aliyekuwa ameinama kama mtu aliyepigwa, alianza kunyooka. Alinyooka mpaka akawa mrefu kuliko kimo chake. "Amekuja kuchukua," alisema. "Miaka yote umeniambia hatakuja mtu. Tazama. Amekuja. Huo mchezo wako wa kuigiza, Hana, umewahi kuona mchezo unaingia kwenye supu?"

Hana akafumba mdomo kwa mkono. Akaenda kukaa kwenye ngazi kando ya mama yake, mabega yakaanza kutikisika, na mwanzoni nilidhani sasa wanalia wawili.

"Alikuwa na haki," Mzee aliendelea, akininyooshea mkono kama anayeonyesha kielelezo mahakamani. "Haki kamili ya kuingia. Ni mpumbavu, lakini ana haki."

"Sawa," Hana alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Sawa, Baba. Kama mauzo ni ya kweli, basi huyu ameingia akaharibu chakula chako, na anawajibika. Lakini kama ni mchezo, basi huo unga umekuwa wako siku zote hizi, umelala nao Pasaka ndani ya nyumba. Chagua."

Mzee akavuta kiti kilichokuwa kando ya simu akakaa, bila kujali unga. "Anawajibika kama alizembea," alisema polepole. "Lakini aliyeacha sufuria wazi je?"

"Usimwingize Mama."

"Simwingizi. Nauliza."

"Unamwingiza kwa kuuliza."

"Nani amekufundisha kubishana hivi?"

"Wewe. Jikoni hapo. Nikiwa na miaka tisa."

"Na huko kwenu," alisema Mzee, akitazama viatu vyake, "mnasoma hivi? Mnabishana hivi, au mnaimba tu kwa Kiingereza?"

"Kila Jumatano," Hana alisema. "Wake kwa waume. Ungekuja ungetushinda sote."

Mzee alisogea kidogo kwenye kile kiti, akamwachia Daniel nafasi ya kupita na machungwa yake.

Walikula bustanini, nyuma ya nyumba, kwenye baridi, wamevaa makoti, maana ndani hapakuwa na pa kukaa. Walikula mayai ya kuchemsha yaliyokuwa katika maganda yake, na mkate usiotiwa chachu, ule mkavu wanaouita matza, kutoka katika boksi lililokuwa bado halijafunguliwa, na machungwa ya Daniel, na hawakuacha kubishana hata walipokuwa wakitafuna. Mimi sikuruhusiwa kukaribia. Mama alikuwa amenipa ufagio mkavu, brashi kavu na kisu butu cha kukwangulia lile donge, akasema, "Ni mali yako, kijana. Iondoe," akaenda kukaa katikati ya mume na binti, na kila nilipochungulia dirishani nilimwona anammenyea huyu yai, anammenyea yule, huku akijifanya hasikii kitu.

Otieno alinikuta kizingitini nikikung'uta suruali. Rhoda alikuwa amemtuma kuja kuona kama nimekamatwa. Alinitazama, na nawaambia alijaribu kujizuia kucheka.

"Wakili," alisema, "umepakwa unga kama samaki anayengoja mafuta."

"Chukua uliobaki kwenye mfuko, uende."

"Kisheria?"

"Otieno, chukua unga."

Alichukua. Walikula chapati jioni ile, Sista wa Kijamaika alikula nyingi akazisifu, na Rhoda, niliambiwa, alicheka mpaka akashika ukuta Otieno alipomsimulia jinsi alivyonikuta. Kwa hiyo alicheka hatimaye, mimi nikiwa upande wa pili wa mji ninakwangua zulia.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Hana na Daniel walipotoka. Nilikuwa bado koridoni, na lango lilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia bila kusikiliza.

"Pasaka ikiisha, Jumapili ya kwanza," Hana alisema, "mje kwetu. Wewe na Mama."

"Unajua siwezi kula kwenu."

Hana alingoja tu, mkono juu ya lango. Mzee naye akaangalia barabara pande zote mbili, kama kuna gari linakuja.

"Nitakuja na yai langu," alisema.

"Na sahani?"

"Na sahani yangu."

"Na kiti, Baba?"

Mzee alifikiri. Alifikiri kwa haki, kama alivyofikiri kila jambo.

"Kiti cha kwenu kitatosha," alisema.

Mama alinipita haraka koridoni, amejifunika uso kwa mikono miwili, akapanda ngazi, na mlango wa chumba chake ukafungwa polepole sana. Mimi nikarudi kwenye kisu changu butu. Niliapa palepale, magotini, unga ukiwa bado masikioni, na kiapo hicho sijakivunja: sheria nitaisoma, nitaifundisha, na nikilazimishwa nitaibishania mpaka mishipa ya shingo initoke, lakini haki yangu yoyote iliyolala ndani ya nyumba ya mtu mwingine nitaiacha ilale, na siku nikiitaka sana, nitabisha hodi kwanza, tena nitaita kabla ya kuingia, "Mama, supu imefunikwa?"